Ukatekumeni si Mtihani wa Darasa la Saba



Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nisipofanya hivyo, makala hii itaonekana ya kijana anayewanyooshea kidole wakubwa zake.

Kabla ya kuanza masomo ya falsafa nilipelekwa kukaa miezi minane katika parokia moja ya vijijini, nikimsaidia katekista wa kigango. Nilikuwa na miaka 22, nimetoka kidato cha sita na nyumba ya malezi, kichwa kimejaa. Katekista, mzee wa watu mwenye mashamba yake ya kuangalia, alifurahi kupata kijana wa kumpokea mzigo. Akanikabidhi darasa la wakatekumeni watu wazima. Walikuwa 14, wanawake 9 na wanaume 5. Tulikutana kila Jumamosi saa tisa alasiri chini ya mwembe, kwa sababu kanisani kwaya ilikuwa na mazoezi, na kwaya haiondolewi na mtu.

Kati yao alikuwepo bibi mmoja ambaye hata umri wake alikuwa anaukisia tu. Hakujua kusoma wala kuandika. Kutoka kwake hadi kigangoni ni mwendo wa karibu saa nzima, na bado yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Tulikuwa tunamkuta ameshafagia majani ya mwembe na kupanga mawe ya kukalia.

Wiki mbili kabla ya Kwaresima tulifanya mtihani, kama ilivyokuwa desturi ya pale. Kila mmoja anasimama mbele ya wenzake, anasali sala alizofundishwa, kisha anaulizwa maswali ya katekisimu. Jumla ni alama kumi. Ukipata saba unaendelea kuelekea Pasaka, ukipata chini ya hapo unangoja mwaka mwingine. Bibi alianza vizuri. Ishara ya Msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, vyote vilitoka bila kigugumizi. Kwenye Nasadiki alifika kwa Ponsio Pilato akapotea, akatafuta kidogo, kisha akaruka moja kwa moja hadi kwa Roho Mtakatifu. Amri za Mungu alizitaja saba. Amri za Kanisa mbili. Mapaji saba ya Roho Mtakatifu hakukumbuka hata moja. Nikaandika nne kwenye daftari. Nikamwambia, kwa sauti ya upole niliyoiona ya kichungaji kabisa, kwamba atajaribu tena mwakani. Akaitikia, "Haya, Frateri," akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Ndipo mimi na katekista tukamfuata kwake. Tulimkuta na watoto wawili wadogo, si wake wala si wajukuu zake. Mama yao, jirani, alikuwa amelazwa hospitali ya wilaya, na bibi alikuwa amewachukua tangu siku ile alipobebwa kwa pikipiki. Hakuna aliyemtuma. Jioni anawasalisha Baba Yetu, sala aliyojifunza chini ya mwembe ule, halafu anawalaza. Alitupa viazi vitamu na chai ya rangi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Frateri, maneno yako yote ninayo. Yanagoma kutoka kwa foleni." Katekista alicheka. Mimi nilishindwa.

Tangu siku ile najiuliza nilikuwa napima nini. Jibu la haraka ni kwamba nilikuwa napima kumbukumbu, tena kumbukumbu ya aina moja, ile ya shuleni, ambayo mtu aliyekaa darasani miaka 13 anayo bila jasho. Bibi huyu anaweza kukutajia ukoo wake vizazi vitano nyuma, nani alioa wapi, na mvua ya mwaka gani ilibomoa nyumba ya nani. Kumbukumbu anayo. Mtihani wangu ulikuwa umetungwa kwa ajili ya mtu mwingine, mtu kama mimi.

Sasa Kanisa lenyewe linadai nini? Wenzetu wa teolojia watanisamehe nikiingia kidogo shambani kwao. Kanuni ya 865 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema mtu mzima anayebatizwa lazima awe ameonyesha nia ya kupokea Ubatizo, awe amefundishwa vya kutosha kweli za imani na wajibu wa Mkristo, na awe amejaribiwa katika maisha ya Kikristo kwa njia ya ukatekumeni. Tena ahimizwe kujutia dhambi zake. Sisi pale kigangoni tulilichukua lile la mafundisho, tukalipa alama zote kumi. Lile la kujaribiwa katika maisha tulimwachia Mungu. Kwa miezi yote ile sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja kijijini kwamba huyu bibi anaishije na majirani zake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishalisema jambo hili wazi. Mwaka 1963 Katiba ya Liturujia, namba 64, iliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, wenye hatua zake, kama zamani. Miaka miwili baadaye hati ya Ad Gentes, namba 14, ikaeleza kwamba ukatekumeni hauishii kwenye kufafanua mafundisho na amri. Ni malezi ya maisha yote ya Kikristo, ni unafunzi unaochukua muda wa kutosha. Ndiyo maana kitabu cha Ibada ya Kuwaingiza Watu Wazima katika Ukristo kilichotolewa Roma mwaka 1972 hakina ukurasa wa mtihani. Kina ibada ya kupokelewa, ambapo mtu anatiwa ishara ya msalaba. Kina ibada ya uteuzi, Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Kina zile ibada tatu za kuwachunguza na kuwatakasa wateule, Dominika ya tatu, ya nne na ya tano, ambapo tunasoma habari za mwanamke Msamaria kisimani, yule kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro. Nakiri kwamba kabla ya kuja seminarini sikuwahi kuziona ibada hizi tatu zikifanyika mahali popote. Mtihani, hapana shaka, niliuona.

Na tukirudi nyuma zaidi tunakuta jambo la kushangaza. Kuna kitabu cha kale kiitwacho Mapokeo ya Kitume, kinachohusishwa na Hippolytus wa Roma, cha karne ya 3. Kinasema wanaokuja kulisikia Neno wakae miaka mitatu, lakini mtu akionyesha bidii, muda usihesabiwe, utazamwe mwenendo wake. Unapofika wakati wa kuwachagua watakaobatizwa, wanaulizwa wale waliowaleta. Je, walipokuwa wakatekumeni waliishi vema? Waliwaheshimu wajane? Waliwatembelea wagonjwa? Walitenda mema? Wakishuhudiwa hivyo, wanaendelea. Kwa maswali hayo bibi yetu angepata kumi kwa kumi, na mwenye daftari la alama sijui angepata ngapi.

Naomba nisieleweke vibaya. Sidharau kukariri, na sisemi imani haina maneno yake. Kanisa lenyewe huwakabidhi wateule Kanuni ya Imani na Sala ya Bwana, na huwataka waitamke imani hiyo kwa vinywa vyao kabla ya Ubatizo. Mtu asiyejua anasadiki nini atapeperushwa na mhubiri wa kwanza mwenye spika kubwa. Katika Maungamo yake, Mtakatifu Augustino anasimulia habari za Victorinus, mwalimu mkubwa wa usemaji mjini Roma. Msomi huyu alisoma Maandiko yote, kisha akawa anamwambia rafiki yake Simplisiano faraghani kwamba yeye tayari ni Mkristo. Simplisiano akamjibu kwamba hatakubali mpaka amwone kanisani. Victorinus akamtania kwa kumuuliza kama ni kuta zinazomfanya mtu kuwa Mkristo. Ukweli ni kwamba aliwaogopa rafiki zake wenye vyeo. Alipokubali hatimaye, mapadre walimpa nafasi ya kuikiri imani mahali pa siri, kama walivyowafanyia watu wenye haya. Alikataa, akapanda jukwaani akaisema mbele ya watu wote. Mtu huyu kichwani alikuwa na kila kitu. Alichokosa ni zile hatua chache za miguu kutoka nyumbani kwake hadi kanisani, na bila hizo Simplisiano, mzee mwenye busara, hakumpa alama. Bibi yangu alizitembea saa nzima kila Jumamosi.

Huku falsafa tumesoma Aristotle. Yeye hakumjua Kristo, lakini alijua kwamba mtu hawi mwenye haki kwa kusikiliza mihadhara kuhusu haki. Anakuwa hivyo kwa kutenda mambo ya haki, tena na tena, mpaka yanakuwa mazoea yake. Niliposoma sura hiyo nilikumbuka mwembe na lile daftari.

Ngoja sasa niseme jambo lililonikera zaidi. Katika miezi ile ile alikuja kijana mmoja kutoka mjini, mchumba wa binti wa parokia. Ukumbi umeshalipiwa, kadi za mchango zimeshasambazwa, sendofu imeshapita. Ikagundulika kwamba bwana harusi hajabatizwa. Alifundishwa jioni kwa muda wa wiki tano, akabatizwa, na siku chache baadaye akafunga ndoa. Sisemi kijana yule hakuwa na imani. Moyo wa mtu ni kichaka. Nasema tu kwamba hakuna aliyemuuliza mapaji saba. Bibi asiye na kamati ya harusi aliongezewa mwaka mzima, na mwenye kamati alipunguziwa mpaka wiki tano. Tukio lile halikuwa la parokia ile peke yake; nimewauliza wenzangu wa majimbo mengine na kila mmoja ana la kwake.

Linaloumiza ni kwamba hakukuwa na haja. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1086, zinatoa njia kwa Mkatoliki kuoana na asiyebatizwa kwa kibali cha Askofu au mwenye mamlaka hayo, kwa masharti yake. Kijana angeweza kuoa kwa kibali hicho, kisha akaanza ukatekumeni wake taratibu, mkewe akiwa pembeni yake. Huenda angeupenda. Sisi tukaugeuza Ubatizo kuwa kiingilio cha ukumbi.

Mwenzangu mmoja wa bwenini, tuliyekuwa tunabishana naye mpaka taa zikazimwa, alinipinga kwa Maandiko. Filipo, alisema, alimbatiza yule Mwethiopia njiani, siku ile ile, mara tu walipoona maji. Petro naye hakumweka Kornelio miaka mitatu. Wewe na ukatekumeni wako mrefu mmetoa wapi? Ni hoja nzuri na sikuijibu usiku ule. Nimeifikiria baadaye. Yule Mwethiopia alikuwa anatoka Yerusalemu kuabudu, tena safari ya mbali ya kutisha. Filipo alimkuta na chuo cha Isaya, anakisoma na kuuliza. Kornelio alikuwa mtu wa sala na sadaka, na sifa zake zilijulikana kwa taifa zima la Wayahudi. Hao hawakuanza safari siku ile. Filipo na Petro walikuta kazi imeshafanyika, wakawa na macho ya kuiona. Kwa hiyo sidai muda mrefu kwa kila mtu. Nadai macho.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Buganda. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliagiza ukatekumeni wa miaka minne, kwa sababu hakutaka watu wabatizwe kwa wingi halafu warudi nyuma. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Buganda mwaka 1879 pamoja na Bruda Amans. Mwaka 1882 wamisionari walilazimika kuondoka, wakavuka Ziwa kuja upande wa kusini na kukaa Bukumbi, ambako leo ni mkoa wa Mwanza. Waliporudi mwaka 1885 walikuta kundi limeongezeka. Padre hakuwepo hata mmoja. Waliobaki nyuma, wengine wamebatizwa juzi tu, wengine wakatekumeni bado, walikuwa wanafundishana, wanasali pamoja, na kuwaleta wengine. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mmoja wa nguzo zao pale ikulu. Alipouawa tarehe 15 Novemba 1885, Karoli Lwanga alibatizwa siku ile ile na kuchukua nafasi yake ya kuwalinda vijana. Na usiku mmoja mwishoni mwa Mei 1886, walipojua kwamba kifo kiko mlangoni, Lwanga mwenyewe aliwabatiza baadhi ya vijana waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo.

Miaka minne ya Kardinali haikutimia kwa Kizito. Lakini nani atasema hakuandaliwa? Lwanga alilala nao, alikula nao, aliwajua mmoja mmoja, udhaifu wao na ushujaa wao. Hakuhitaji daftari.

Hapo ndipo naliona shimo letu. Wakatekumeni wetu hawana Lwanga. Ad Gentes ile ile inasema kazi ya kuwaandaa si ya padre na katekista peke yao, ni ya jumuiya nzima ya waamini, hasa wasimamizi. Sasa tazama hali ilivyo katika parokia nyingi. Msimamizi anatafutwa Jumamosi Kuu alasiri. "Nani atasimama na huyu?" Anaitwa mtu yeyote aliyefunga ndoa na anayekomunika. Katika Mkesha ule wa Pasaka mama mmoja wa WAWATA, Mungu ambariki, alisimama na wanawake wanne. Wawili kati yao hakuwa anayajua hata majina. Mkono wake wa kuume ulihama bega hadi bega kama anayekagua gwaride. Wengine wanachagua msimamizi kwa kuangalia uwezo, nani atanunua kitenge, nani atatuma chochote kwenye simu.

Na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo je? Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizifanya jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha uchungaji katika nchi zetu. Kama kuna mahali duniani ambapo ukatekumeni ungeweza kurudi kuwa kama ule wa karne za mwanzo, ni kwetu, kwa sababu jumuiya ipo mtaani, mlango kwa mlango. Watu wanajuana. Lakini darasa letu lilikuwa Jumamosi, jumuiya ilisali siku nyingine asubuhi, na wawili hawa hawakukutana kamwe. Nilipomuuliza mwenyekiti wa jumuiya ya eneo la bibi kama anamjua, alimjua sana. Hakujua tu kwamba anasoma dini. "Huyo hajaandikishwa," alisema. Alikuwa na maana ya daftari la zaka.

Kutoandikishwa huku si jambo dogo, maana linagusa watu wenye mizigo mizito kuliko ya bibi. Katika lile darasa alikuwepo mama mmoja ambaye ni mke wa pili. Ana watoto watano. Alijua, na tulimweleza kwa heshima, kwamba katika hali ile hawezi kubatizwa. Sheria ya Kanisa katika kanuni ya 1148 inazungumza kuhusu watu wenye wake wengi wanapobatizwa, na inadai kwamba wale wanaoachwa wapatiwe mahitaji yao kwa haki na upendo. Mafundisho haya siyapingi, na wala sina suluhisho la kumtoa mama yule pale alipo bila kuumiza watoto. Ninachopinga ni jinsi anavyotendewa anapongoja. Alikaa benchi la mwisho. Alipofiwa, viongozi walikuwa na wasiwasi hata kwenda kusali msibani. Kumbe mtu aliyepokelewa kuwa mkatekumeni tayari ni wa nyumbani. Kanuni ya 206 inasema ameungana na Kanisa kwa namna ya pekee, na Kanisa linamtunza kama wa kwake. Anaweza kupewa baraka. Akifa kabla ya Ubatizo, kwa habari ya mazishi anahesabiwa pamoja na waamini. Ni kanuni ya 1183. Ni wakatekumeni wangapi wanaambiwa hivyo? Mimi sikuwaambia. Nilikuwa sijui. Mama yule anaweza kungoja miaka 20, na katika miaka hiyo 20 ana haki ya kusali, kulisikia Neno na kuzikwa kama mmoja wetu.

Baada ya Pasaka mambo yalikwenda haraka. Tulibatiza watu 11 Mkesha ule. Mwanga, maji, Krisma, Ekaristi, vigelegele mpaka usiku wa manane. Jumatatu ya Pasaka nilipumzika, nikaona kazi imekwisha. Kumbe kitabu cha ibada kina kipindi kizima baada ya Ubatizo, hadi Pentekoste, kiitwacho mistagojia, cha kuwashika mkono wabatizwa wapya waonje na kuyaelewa mafumbo waliyoyapokea. Tuna hata katekesi za kale za Yerusalemu, zinazohusishwa na Mtakatifu Sirili, walizopewa wabatizwa wiki ya Pasaka, kwa kuwa waliona kwamba mtu anaelewa vizuri zaidi maana ya maji baada ya kulowa. Sisi hatukukutana nao tena hata mara moja. Dominika ya Pentekoste niliwahesabu kanisani. Walikuwa watano. Yule wa harusi hakuwa katika hesabu, yeye alisharudi mjini.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanahitaji watu na fedha, na katekista mmoja ana vigango vitatu na baiskeli moja. Ni kweli kabisa. Baba Mtakatifu Fransisko alipoanzisha rasmi huduma ya katekista mwaka 2021 kwa barua Antiquum Ministerium, alitambua uzito wa kazi hii. Posho ya katekista wetu bado haijausikia uzito huo. Lakini kuwauliza majirani hakuhitaji bajeti. Kumpeleka mkatekumeni akasali na jumuiya yake tangu mwezi wa kwanza hakuhitaji bajeti. Kumtafuta msimamizi wakati wa Majilio badala ya Jumamosi Kuu hakuhitaji hata nauli. Na kwa wiki saba za baada ya Pasaka, ule mwembe hautozi kodi.

Nawaandikia hasa mafrateri wenzangu, kwa sababu likizo inakaribia na wengi wetu tutapewa madarasa haya, maana paroko akiona frateri anaona mwalimu wa bure. Mtihani wa kukariri utatuvutia, kwani ndicho tunachokijua. Tumefaulu mitihani maisha yetu yote, ndiyo maana tuko hapa. Naomba kabla ya kufungua daftari tuzunguke kwanza. Twende kwao. Tule viazi vyao. Tukishindwa kuwatembelea wote 14, tukiri kwamba hatuna msingi wa kuwapa alama.

Mimi niliondoka parokiani mwezi wa nane. Mwaka uliofuata, siku chache baada ya Pasaka, katekista alinipigia simu. Kwaresima ile alibadilisha utaratibu. Alimsimamisha bibi mbele ya jumuiya yake na kuwaomba majirani waseme. Walisema mpaka giza likaingia. Yule mama aliyekuwa amelazwa alipona, na ni yeye aliyesimama nyuma ya bibi kwenye Mkesha, mkono begani, watoto wake wawili wakishika mshumaa mmoja kwa pamoja. Nasadiki, kwa maelezo ya katekista, mpaka leo inakatika pale kwa Ponsio Pilato. Jumuiya inamshikia hapo, inaendelea bila yeye, naye anaidaka tena kwenye Roho Mtakatifu.